Sura ya Sita: Mimba Inapochelewa

Ugumba ni hali ya mwanamke na mwanamume kukosa mimba baada ya kukutana kimwili mara kwa mara kwa miezi 12 au zaidi, bila kondomu wala njia nyingine ya uzazi wa mpango. Ndivyo Shirika la Afya Duniani linavyoueleza, na katika ripoti yake ya mwaka 2023 lilikadiria kuwa mtu mmoja kati ya kila sita duniani hukutana na tatizo hili wakati fulani maishani. Wataalamu wanatofautisha ugumba wa awali, ambapo mimba haijawahi kutunga kabisa, na ugumba wa baadaye, ambapo mimba iliwahi kutunga, mtoto akazaliwa au mimba ikaharibika, kisha nyingine haikuja. Kwa hiyo mama mwenye mtoto wa miaka minane anayetafuta wa pili kwa miaka mitatu bila mafanikio anastahili uchunguzi sawa na bibi harusi asiyewahi kushika mimba.

Uchunguzi wa Shirika hilo uliochapishwa mwaka 1985 katika jarida la Lancet ulionyesha kuwa Afrika, kusini mwa Jangwa la Sahara, ilikuwa na wagonjwa wengi zaidi wa ugumba wa baadaye na wa ugumba unaotokana na maambukizi kuliko sehemu nyingine za dunia. Hilo lina maana kubwa kwa msomaji wa Afrika Mashariki: sehemu kubwa ya tatizo hili ilianza na ugonjwa ambao ungeweza kutibiwa mapema kwa dawa za kawaida.

Muda wa kusubiri

Wenzi wengi hupata mimba bila msaada. Pale mwanamke anapokuwa chini ya miaka 40, zaidi ya wenzi 80 katika kila 100 hufanikiwa ndani ya mwaka wa kwanza, na takriban nusu ya waliobaki hufanikiwa katika mwaka wa pili. Ndiyo sababu daktari hatashtuka akisikia miezi minne imepita.

Muda huo una maana tu ikiwa wenzi wanakutana katika siku zinazofaa. Yai likishatoka huishi saa 12 hadi 24, lakini mbegu za kiume zinaweza kudumu hadi siku tano ndani ya mwili wa mwanamke. Kwa hiyo siku za kushika mimba ni kama sita: tano kabla ya yai kutoka, na ile linapotoka. Yai hutoka takriban siku 14 kabla ya hedhi inayofuata. Mwenye mzunguko wa siku 28 hulitoa karibu na siku ya 14, ila mwenye mzunguko wa siku 35 hulitoa karibu na siku ya 21. Anayehesabu siku ya 14 kwa kila mwanamke hukosea. Njia rahisi ni kukutana kila baada ya siku mbili au tatu mwezi mzima, bila kalenda. Mume anayefanya kazi mgodini au anayeendesha lori la masafa marefu na kurudi nyumbani mara moja kwa mwezi anaweza kumaliza mwaka bila kukutana na mkewe hata mara moja katika siku hizo. Hapo hakuna ugonjwa wa kutibu.

Njia ya uzazi wa mpango iliyotumika hapo nyuma nayo izingatiwe. Baada ya kuacha vidonge, kutoa kipandikizi au kutoa kitanzi, uwezo wa kushika mimba hurudi haraka. Sindano ya miezi mitatu huchelewesha zaidi: kwa wastani mimba hushika baada ya miezi 10 hivi tangu sindano ya mwisho, na kwa wengine huchukua muda mrefu zaidi. Sindano hiyo haiharibu kizazi, ingawa imani hiyo imeenea mijini na vijijini.

Wasiopaswa kusubiri mwaka

Umri wa mwanamke ndio unaobadilisha kanuni ya miezi 12. Mayai yote ya mwanamke yanakuwamo mwilini kabla hajazaliwa. Hayaongezwi, na idadi na ubora wake hupungua kwa kasi zaidi baada ya miaka 35. Mwenye miaka 35 au zaidi aende hospitali baada ya miezi sita. Aliyefikisha 40 aende mara tu anapoamua kutafuta mtoto.

Katika umri wowote, zipo dalili zinazomtaka mtu aende bila kungoja. Kwa mwanamke ni hedhi inayopotea kwa miezi au inayokuja bila mpangilio; maumivu makali ya hedhi au ya wakati wa tendo; maambukizi ya via vya uzazi, yale yanayojulikana hospitalini kama PID; mimba iliyowahi kutunga nje ya kizazi; upasuaji wa tumbo, hasa wa kidoletumbo kilichopasuka; na kusafishwa kizazi baada ya mimba kuharibika, kukifuatiwa na hedhi kupungua sana au kukoma. Kwa mwanamume ni korodani ambayo haikushuka utotoni, matubwitubwi yaliyovimbisha korodani baada ya kubalehe, upasuaji wa ngiri, jeraha la sehemu hizo, na matatizo ya kusimamisha au kutoa manii. Aliyewahi kutibiwa saratani kwa dawa au mionzi, mume au mke, naye yumo.

Wanaoishi na Virusi vya Ukimwi waanze mazungumzo kabla hata ya kutafuta mimba, katika kliniki ya CTC wanakochukulia dawa. Mtu anayetumia dawa vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana, na asiye na maambukizi anaweza kuongezewa dawa za kinga katika kipindi cha kutafuta mtoto.

Waende wawili

Katika karibu nusu ya wenzi wanaohangaika, mwanamume ana mchango: ama yeye peke yake ndiye chanzo, ama yeye pamoja na mkewe. Hata hivyo, kinachotokea mara nyingi ni mke kuanza safari peke yake. Anapimwa, anapewa dawa, anabadilisha hospitali, na miaka miwili baadaye ndipo mume anaombwa shahawa zake zipimwe. Nguvu za kiume hazithibitishi uwezo wa kuzalisha. Mwanamume anaweza kuwa imara kitandani na kutoa manii ya kutosha, yasiwe na mbegu hata moja. Mtoto aliyempata nje miaka kumi iliyopita pia si uthibitisho wa hali yake ya leo, maana maambukizi, dawa na magonjwa hutokea katikati.

Kipimo cha shahawa ni cha bei nafuu na hakimwumizi mtu, ilhali vingi vya mwanamke ni ghali zaidi na vina maumivu. Kwa mantiki hiyo kipimo cha mume hufanywa mwanzoni kabisa, sambamba na vile vya awali vya mke.

Mahali pa kuanzia

Safari inaweza kuanza katika kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Huko huchukuliwa historia ya ugonjwa, na hupatikana uchunguzi wa mwili, ultrasaundi, na vipimo vya kaswende, VVU, homa ya ini, sukari, wingi wa damu na selimundu. Tatizo likizidi uwezo wa kituo, wenzi hupewa rufaa kwa daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake katika hospitali ya mkoa, ya kanda kama KCMC ya Moshi na Bugando ya Mwanza, au ya taifa kama Muhimbili na Kenyatta. Mwanamume mwenye tatizo hupelekwa kwa bingwa wa mfumo wa mkojo.

Ziara ya kwanza ni ya maswali zaidi kuliko dawa. Daktari atauliza wenzi wametafuta mimba kwa muda gani na wanakutana mara ngapi. Atauliza hedhi ilianza lini, huja baada ya siku ngapi, na ina maumivu kiasi gani. Atauliza pia kuhusu mimba zote zilizopita, pamoja na zilizotolewa, magonjwa ya zinaa, upasuaji, dawa zinazotumika sasa, zikiwemo za kienyeji, pombe, sigara, mirungi na bangi, na kazi, kwa sababu joto kali la tanuru na viuatilifu vya shambani hudhuru mbegu. Baadhi ya majibu hayasemeki mbele ya mwenzi, kama mimba iliyotolewa usichanani. Daktari mzuri humpa kila mmoja nafasi ya faragha, na mgonjwa ana haki ya kuiomba. Jibu lililofichwa linaweza kupeleka uchunguzi wote kombo.

Inafaa kwenda na kumbukumbu ya tarehe za hedhi kwa miezi sita hivi, pamoja na majibu na picha zote za zamani. Mwanamke huanza pia kumeza asidi ya foliki, mikrogramu 400 kwa siku, kabla ya mimba kutunga, ili kupunguza hatari ya mtoto kuzaliwa na mgongo wazi.

Vipimo vya mwanamume

Kwa kipimo cha shahawa, mwanamume hukaa bila kutoa manii kwa siku mbili hadi saba. Sampuli hutolewa kwa kujichua, yote, kwenye kopo linalotolewa na maabara, bila mafuta wala kilainishi, na hufikishwa ndani ya saa moja ikiwa na joto la mwili. Sampuli iliyomwagika nusu au iliyokaa saa tatu kwenye daladala hutoa majibu ya uongo.

Viwango vya chini vilivyowekwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 ni ujazo wa mililita 1.4, mbegu milioni 16 katika kila mililita, na asilimia 42 ya mbegu ziwe zinacheza. Kuhusu umbo, asilimia 4 tu ya mbegu zenye umbo kamili inatosha, hivyo anayeambiwa kuwa mbegu zake 95 katika kila 100 zina kasoro hana sababu ya kuhuzunika. Viwango hivi havigawi wanaume katika wazazi na wagumba. Wapo walio chini yake wenye watoto. Majibu yakiwa mabaya, kipimo hurudiwa baada ya miezi mitatu hivi, kwa kuwa utengenezaji wa mbegu huchukua zaidi ya siku 70 na homa kali ya mwezi uliopita inaweza kuzipunguza.

Mbegu zisipoonekana kabisa, daktari huchunguza kama zinatengenezwa lakini njia imeziba, au hazitengenezwi. Hupima ukubwa wa korodani na homoni. Hapa lipo jambo linalowakuta vijana wa jimu: sindano za testosteroni na dawa za kutunisha misuli huzuia korodani kutengeneza mbegu. Kumpa dawa hizo mwanamume mwenye mbegu chache, kwa kudhani anaongezewa uanaume, ni kumharibia zaidi. Akiacha, mbegu kwa kawaida hurudi baada ya miezi kadhaa, japo si kwa kila mtu.

Vipimo vya mwanamke

Maswali ya msingi ni matatu: je, mayai yanapevuka na kutoka? Je, mirija iko wazi? Je, kizazi kinaweza kuipokea mimba?

Hedhi inayokuja kwa mpangilio kila baada ya siku 21 hadi 35 ni dalili nzuri kuwa yai hutoka. Kuthibitisha, homoni ya projesteroni hupimwa siku saba kabla ya hedhi inayotarajiwa. Watu huiita kipimo cha siku ya 21, lakini siku hiyo inamfaa mwenye mzunguko wa siku 28 pekee. Hedhi ikiwa imevurugika, hupimwa homoni za FSH na LH katika siku ya pili hadi ya tano ya hedhi, prolaktini na homoni za tezi ya shingo. Kipimo cha AMH hukadiria akiba ya mayai. Hakitabiri kama mwanamke atashika mimba mwenyewe.

Ultrasaundi huonyesha uvimbe wa kizazi, umbo la kizazi, na vifuko vya mayai. Haionyeshi kama mirija ya kawaida iko wazi. Jibu hilo hutolewa na HSG, picha ya eksirei inayopigwa huku dawa maalumu ikipitishwa mlangoni mwa kizazi hadi kwenye mirija. Hufanywa baada ya damu ya hedhi kukatika na kabla ya yai kutoka, ili mimba changa isipigwe mionzi. Mwanamke husikia maumivu kama ya hedhi kwa dakika chache, na dawa ya maumivu humezwa kabla. Mwenye maambukizi hutibiwa kwanza, kwa maana kipimo kinaweza kuyasukuma juu. Wakati mwingine misuli ya mrija hukaza na kuufanya uonekane umeziba hali uko wazi, hivyo kabla ya kukata tamaa daktari anaweza kushauri laparoskopi: upasuaji wa matundu madogo unaomwezesha kuiona mirija kwa kamera, na kuona makovu au endometriosisi (tishu kama ya ukuta wa ndani wa kizazi inayoota nje yake) ambayo picha nyingine hazikuonyesha.

Kuziba kwa mirija hutokana zaidi na klamidia na kisonono, ambazo huweza kukaa mwilini bila dalili yoyote, na maambukizi baada ya kujifungua au kutoa mimba katika mazingira machafu. Kifua kikuu cha via vya uzazi nacho huziba mirija na kuharibu ukuta wa kizazi. Kwa waliokulia katika maeneo ya maji yenye kichocho, mayai ya kichocho yanaweza kuathiri via vya uzazi, na daktari aambiwe hilo.

Tiba hufuata chanzo

Chanzo kikiwa ni yai kutotoka, tiba mara nyingi ni vidonge. Wengi wa wagonjwa hawa wana hali iitwayo PCOS, ambapo hedhi hupishana, vinyweleo na chunusi huongezeka, na vifuko vidogo vingi huonekana kwenye ovari. Mwenye uzito mkubwa anaweza kuanza kupata hedhi akipunguza hata asilimia 5 hadi 10 ya uzito wake. Dawa inayopendekezwa kwanza siku hizi ni letrozoli. Klomifeni, ya zamani zaidi, bado inatumika. Zote humezwa kwa siku tano mwanzoni mwa mzunguko, na mwanamke hufuatiliwa kwa ultrasaundi, kwa kuwa mimba ya mapacha huongezeka. Klomifeni inayonunuliwa dukani bila vipimo haizibui mirija na haiongezi mbegu za mume. Anayeimeza mwaka mzima huku mirija imeziba amepoteza mwaka. Prolaktini ikizidi, hushushwa kwa kabagolini au bromokriptini.

Uvimbe wa kizazi hutolewa kutegemea mahali ulipo. Ulioingia ndani ya kizazi hupunguza uwezekano wa mimba na huondolewa. Uliotokeza nje ya ukuta kwa kawaida haugusi uzazi. Kizazi kilichoshikana kwa makovu hufunguliwa kwa kamera ndogo. Mirija iliyoziba inaweza kufanyiwa upasuaji ikiwa uharibifu ni mdogo. Aliyefanyiwa hivyo akishika mimba anahitaji ultrasaundi mapema, karibu wiki ya sita, kwa kuwa hatari ya mimba kutunga nje ya kizazi ni kubwa. Maumivu makali ya tumbo au kuzimia katika wiki hizo ni dharura ya usiku huo huo.

Kati ya wenzi 100, 15 hadi 30 huambiwa kuwa vipimo vyote viko sawa. Jibu hilo huudhi, lakini kwa wenye umri mdogo ni habari njema, kwa sababu wengi wao hushika mimba katika mwaka unaofuata.

Upandikizaji wa mimba

Mirija iliyoharibika vibaya, mbegu chache sana, au miaka ya kutafuta bila jibu hupeleka wenzi kwenye IVF, yaani kurutubisha yai nje ya mwili. Mtoto wa kwanza wa njia hii, Louise Brown, alizaliwa Oldham, Uingereza, tarehe 25 Julai 1978. Mwaka 1992 wataalamu wa Brussels walitangaza mimba za kwanza zilizopatikana kwa kuchoma mbegu moja ndani ya yai, njia iliyowafungulia mlango wanaume wenye mbegu chache mno. Afrika Mashariki ilipata watoto wake wa kwanza wa IVF katika muongo wa 2000, Kampala na kisha Nairobi.

Mwanamke huchomwa sindano za homoni kwa siku 10 hivi ili mayai mengi yapevuke kwa pamoja. Mayai huvutwa kwa sindano nyembamba ikiongozwa na ultrasaundi, hurutubishwa maabara, na baada ya siku tatu hadi tano kiinitete kimoja au viwili huwekwa kizazini. Kuweka vingi huongeza mapacha na hatari ya kujifungua mapema. Matokeo hufuata umri: katika takwimu za Uingereza, kwa wanawake walio chini ya miaka 35 takriban kiinitete kimoja kati ya vitatu vinavyopandikizwa huzaa mtoto, na kwa wenye miaka 43 wanaotumia mayai yao wenyewe ni takriban kimoja kati ya 20. Gharama ni mamilioni ya shilingi kwa mzunguko mmoja na bima nyingi hazilipi. Kabla ya kulipa, wenzi waulize kituo ni watoto wangapi wamezaliwa kwa wanawake wa umri kama huo; idadi ya vipimo vilivyoonyesha mimba peke yake haitoshi.

Dini nazo zina msimamo. Fatwa iliyotolewa Misri mwaka 1980 iliruhusu IVF kati ya mume na mke walio katika ndoa, kwa mbegu na mayai yao wenyewe, na ikakataza za mtu wa tatu. Kanisa Katoliki, katika waraka wake wa mwaka 1987, linapinga utungaji wa mimba nje ya mwili, ila halipingi uchunguzi na tiba za kurudisha afya ya uzazi.

Yanayopoteza muda

Mwanamke anayechelewa kushika mimba huzungukwa na washauri. Ataambiwa ana chango, ana UTI sugu, mirija yake imejaa uchafu. Atauziwa dawa za kuzibua mirija, vidonge vya kuweka ukeni, na mvuke wa kusafisha kizazi. Mrija uliozibwa na kovu haufunguki kwa dawa ya kunywa, na vitu vinavyowekwa ukeni huua bakteria walinzi na kukaribisha maambukizi mapya. Kusafishwa kizazi mara kwa mara ili kukiandaa kunaweza kuacha makovu yanayozuia mimba kabisa. Sala na dua hazigongani na hospitali, mradi hazisogezi tarehe ya kipimo.

Ndugu wa mume nao wana nafasi yao. Mama mkwe na mawifi wanaodai mjukuu mara nyingi hawajui kwamba kijana wao hajapimwa. Wenzi waamue mapema nani ataambiwa nini, kwa kuwa siri ya majibu ni ya wagonjwa wawili na daktari hana ruhusa ya kuitoa kwa ukoo.

Kuna wakati tiba hufika mwisho bila mtoto. Wenzi wapange tangu mwanzo watajaribu mara ngapi na kwa fedha kiasi gani, kisha wazungumzie kuasili kupitia ustawi wa jamii, au kuishi wawili. Kabla ya kufika huko, mpangilio ni huu: pimeni wote wawili, jueni chanzo, kisha ndipo dawa inunuliwe. Fedha iliyopotea hutafutwa tena, lakini mayai ya mwanamke wa miaka 38 hayarudi kuwa ya miaka 33.